Aunsi Nzima kwa Bei ya Gramu Moja

Ndugu wachimbaji, wamama wa kare, na ninyi vijana wenye mnaazimana gazeti hili mpaka linapasuka: mara hii hatuandike juu ya mizani ya negosiyan, wala juu ya kadi ya mchimbaji. Tunaandika juu ya gitari. Tunajua wamoja watacheka, watasema sendika imekosa kazi. Wacheke, lakini wasome.

Kisa njo hiki. Katikati ya mwaka wa 2024, wakati vijiji vya Bapere vilikuwa vinakimbia mauaji ya ADF, mama mmoja alifika Butembo akitokea upande wa Manguredjipa. Walikuwa wane juu ya pikipiki moja: mwenye kuendesha, mama, na wajukuu wawili. Mzigo wao: sufuria, blanketi, na gitari ndani ya gunia la mchele. Wenye wanajua ile barabara, matope ya Njiapanda mpaka Kambau, wanajua kwamba mtu akikimbia anapima kila kilo. Mama aliacha mbuzi tatu. Aliacha cherehani. Gitari hakuiacha.

Bwana yake tulimjua. Alichimba tangu ujana, na alikuwa memba wa sendika yetu toka siku za kwanza, wakati tulikuwa tunakutana chini ya mti na daftari moja. Alikufa mwaka 2019. Kifua kilimmaliza, kile kifua chenye sisi wote tunakijua na chenye hakuna mtu anakiandika ku cheti. Magaribi, watu wakitoka mu mashimo, njo alikuwa anatoa gitari yake. Hakuwa mwanamuziki wa kulipwa. Alikuwa na nyimbo kama nane, na wimbo mmoja mrefu wenye tutaurudia chini.

Ku Butembo mama alipokelewa na mdogo wake. Nyumba ya vyumba viwili, watu kumi na watatu. Mwezi wa tisa masomo yakaanza, wajukuu hawana minervali. Hapo akatokea kijana mmoja mwenye anazungukaka mu makartie kununua vitu vya zamani: saa za ukuta, masanduku ya chuma, sanamu, redio za wakati wa Wabelgiji. Aliangalia gitari, akaigeuza mara mbili, akachungulia mu tundu na taa ya simu yake, kisha akasema ubao umepasuka, hii ni kuni tu, lakini kwa huruma atatoa dola 80. Bei ya mbuzi dume.

Mama hakukubali, hakukataa. Alikuja ku biro yetu na gunia lake, akakaa, akapumua, akauliza: «Watoto yangu, ninyi njo munajuaka bei ya vitu. Hii iko bei gani?»

Tuseme ukweli: hatukujua. Sisi tunajua gramu. Tunajua mahali negosiyan anabandika kidole chake ku mizani. Tunajua kijiti cha kiberiti kinaweza kumwibia mtu mshahara wa juma zima. Gitari hatukuijua. Na mmoja wetu alikuwa tayari kufungua kinywa kusema «mama, chukua tu hizo dola 80, watoto waende ku masomo», na angesema kwa moyo mzuri. Kosa kama lile njo tunalogopa zaidi kuliko wizi, kwa sababu halina mwizi wa kukamata.

Basi tulifanya namna tunafanyaka na jiwe: kuangalia kwanza, kuongea nyuma. Tulichukua taa ya kichwa, ile ya mu shimo, na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, tukaviingiza mu tundu la gitari.

Ni gitari ndogo. Mtu mwenye amezoea zile kubwa za makwaya, za kutoka China, atafikiri ni ya mtoto. Mwili mdogo, kiuno chembamba, uzito haufikie kilo mbili. Ubao wote ni akaju: mgongo, mbavu, na hata uso wa mbele, wenye ku gitari nyingi unakuwaka wa mti mweupe. Rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokaa sana ku jiko. Haina pambo lolote. Shingo inaungana na mwili ku freti ya 12. Ku mgongo, ndani, kuna muhuri uliogongwa mu ubao: C. F. Martin & Co., Nazareth, PA. Mama alicheka akaficha mdomo. Alisema bwana yake alikuwa anaambia watu kila siku kwamba gitari yake imetoka kwao na Yesu, na watu walikuwa wanamwita mwongo.

Hakuwa mwongo sana. Nazareth hii ni mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, kule Marekani, na kampuni ya Martin inatengeneza gitari tangu mwaka 1833.

Juu ya kigogo chenye kinashika shingo mule ndani, kumeandikwa 0-17, na chini yake namba: 54, kisha tarakimu tatu, ya mwisho imekwanguka. Fundi mmoja wa hapa Butembo, mwenye anatengenezaka gitari za makwaya, njo alitufungua macho. Kampuni ile inapanga namba zake kwa mfululizo tangu 1898, na orodha haifichwe. Mwisho wa mwaka 1932 walikuwa wamefika 52.590. Mwisho wa 1933 walikuwa 55.084. Kwa hiyo gitari ya mama ilitoka kiwandani mwaka 1933.

Tulikaa na orodha ile usiku mzima, kwa sababu kwa mtu wa sendika ni kama kusoma daftari la mshahara. Toeni wenyewe: mwaka 1933 kampuni ilitengeneza gitari 2.494. Mwaka 1931 zilikuwa zaidi ya 4.200. Mu miaka miwili kazi ilianguka karibu nusu. Ule njo ulikuwa wakati wa krizi kubwa, yenye ilianza mwaka 1929 wakati soko la hisa la New York lilipoanguka. Mwaka 1933, ku Marekani, mtumishi mmoja juu ya wane hakuwa na kazi. Gibson, kampuni nyingine ya gitari, ya mji wa Kalamazoo, ilifika mahali pa kutengeneza michezo ya watoto ya mbao ili mashine zisilale.

Na ile aina ya 17 ilikuwa gitari ya mtu mwenye mfuko mwembamba. Ya kwanza ya akaju yote ilitoka mwaka 1922, ya dola 25. Akaju mbele na nyuma, bila chaza, bila mistari ya kupendeza macho, kazi chache kwa fundi, bei ndogo kwa mnunuzi. Njo kusema ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi: watu wa mgodi, wa shamba, wa reli. Sauti yake haina kujivuna. Inatoka kavu, inafika haraka, haivutike sana nyuma. Mchezaji akiimba, gitari inamwachia nafasi ya maneno.

Sasa mtusikilize vizuri hapa, ninyi wenye mnajua dhahabu.

Gitari ndogo za aina ile, mu miaka ya 1930, ziliuzwa kati ya dola 25 na 40. Dhahabu, mpaka mwaka 1933, serikali ya Marekani iliihesabu dola 20 na senti 67 kwa aunsi. Mwezi wa kwanza wa 1934 Rais Roosevelt akaipandisha mpaka dola 35. Kwa hiyo gitari ile, siku zile, ilikuwa bei ya aunsi moja hivi. Aunsi ni gramu 31. Leo, wenye kutafuta gitari za zamani ku Marekani na Ulaya wanalipa dola 2.000 na kupita kwa 0-17 ya miaka ile, kama iko mzima na haijabadilishwa. Na dhahabu? Mwezi wa kumi mwaka 2024 aunsi ilipita dola 2.700 ku soko la London. Mnaona? Miaka tisini imepita, vita zimepita, wafalme wamepita, na kile kigitari bado kilikuwa kinatembea karibu na aunsi yake.

Na yule kijana alitaka kutoa dola 80. Ku bei ya London dola 80 haifikie hata gramu moja.

Tunajua jibu lake, kwa sababu ni lile lile tunasikiaka ku kontwari. Atasema: yenu imepasuka, haiko mzima. Ni kweli. Uko ufa mmoja ku uso, chini ya mkono wa kuume. Kile kibao chenye kinashika nyuzi kimeinuka nyuma. Funguo mbili za kukazia nyuzi si za kwanza. Basi ikate bei nusu, ukate tena. Haiteremke mpaka ku gramu moja. Wakati mchanga uko na uchafu, hatusemi hakuna dhahabu, tunasafisha kwanza.

Namna gitari ya Pennsylvania ilifika Manguredjipa si muujiza. Butembo yenyewe ilikomaa na kazi ya migodi, siku za MGL, na Manguredjipa vilevile. Krizi ile ya 1929 iliangusha shaba, na ku Katanga Union Minière ilirudisha maelfu ya watumishi mu vijiji vyao. Lakini dhahabu ilipanda, na ku Kivu na ku Kilo-Moto watu waliongezwa mu kazi. Wazungu walikuja na masanduku yao, na mu masanduku yale mulikuwa vitu vyote: gramafoni, bunduki za kuwinda, mandolini, gitari. Baba mkwe wa mama alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Mwaka 1960 Mzungu alirudi kwao kwa haraka, gitari ikabaki ku mpishi. Mpishi hakujua kupiga. Mtoto wake njo alijifundisha, na nyuzi za waya ya freni ya kinga, namna vijana wengi wa Congo walijifundishaka.

Tusidharau mambo hayo. Gitari ya mikono, isiyo na umeme, haikukua ku hoteli za wakubwa peke yake. Ilikua pia mu makambi ya migodi. Mwaka 1952 yule mtafiti Hugh Tracey alipita Jadotville, yenye leo ni Likasi, mji wa shaba, na mashine yake ya kunasa sauti, akakuta kijana wa miaka kama 22, Jean-Bosco Mwenda, anapiga gitari na kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole viwili, lakini mtu akisikia anatafuta mchezaji wa pili. Na aliimba mu Kiswahili, kile cha makambi, chenye tunaongea na sisi. Nyuma yake wakasikika Losta Abelo na Edouard Masengo. Mwenda na Masengo walifika Nairobi, wakafundisha Kenya nzima kupiga. Professeri wa Ulaya wanaandika vitabu juu ya vidole vile. Sisi watoto wa migodi, ni wangapi tunajua hata jina?

Hapo njo tunarudia ule wimbo mrefu.

Mzee, bwana ya mama, alikuwa na wimbo wenye hakuuimba ku harusi wala ku pombe. Aliuimba wakati shimo lilikunywa mtu. Ulikuwa na majina. Kila mchimbaji mwenye udongo ulimfunika, mzee aliongeza jina lake, jina la baba yake, na jina la shimo. Hakuweka maneno mengi: jina, baba, shimo, halafu gitari inajibu. Siku ya mwisho tulipomsikia, tulihesabu majina 31. Wengine wao hawako mu daftari lolote. Mchimbaji wa mikono akifa chini, mara nyingi pédégé anaita vijana wanamtoa, wanazika, na kesho kazi inaanza ku shimo la pembeni. Kodi ya Migodi ya 2018 inaongea juu ya mchimbaji mdogo, juu ya kadi yake, juu ya koperative yake. Juu ya mjane wake mtafute kwa taa ya kichwa.

Wenzetu wa mbali walijua kazi ya wimbo wa namna ile. Woody Guthrie, mwimbaji wa watumishi wa Marekani, mwenye alitembea na gitari yake mu miaka ile ile ya krizi, alitunga wimbo juu ya watoto wa wachimba shaba wa Calumet, ku Michigan. Ilikuwa mkesha wa Noeli, mwaka 1913, wazazi wako mu mgomo, watoto wako mu sherehe ya sendika, mtu akapiga kelele ya moto wenye haukuwako. Watu 73 walikufa wakikanyagana ku ngazi, wengi wao watoto. Mtu wa Lubumbashi anaweza kuelewa. Tarehe 9 Desemba 1941 watumishi wa Union Minière walikuwa mu mgomo, wakakusanyika ku kiwanja cha mpira cha Elisabethville kudai mshahara, askari wakafyatua. Léonard Mpoyi, mwenye aliongea kwa niaba yao, aliuawa pale. Jina lake tunalo. Ya wengine waliolala pembeni yake, nani aliyaimba?

Kwa sababu hiyo mkutano wetu ulikuwa moto. Wandugu wamoja walisema: gitari hii ni ya watumishi, ni historia yetu, haiuzwe kabisa, tuitundike ku ukuta wa biro, chini ya picha ya mzee. Walipigiwa makofi. Walisema maneno mazuri, tena kwa machozi.

Sisi wenye tunaandika hapa tuliyakataa, na tunayakataa hata leo. Kwanza, tumwangalie mama machoni. Mwaka 2019, siku ya matanga, sendika ilisimama mbele ya kaburi ikaahidi kwamba familia ya mzee haitaachwa. Kisanduku chetu kilitoa dola 40 na sanduku la sabuni. Halafu mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, mpaka mama akakimbia vita, na hakuna mmoja wetu alimpigia simu. Leo tumwambie kwamba mali yake peke yenye bei ni historia yetu? Negosiyan anachukua kitu cha mjane na dola 80. Sisi tungekichukua na makofi. Negosiyan angekuwa amelipa zaidi.

Tena, ukuta wa biro. Wenye wamefika ku biro wanajua mabati yetu. Mwezi wa kumi na moja maji yanashuka mpaka juu ya meza. Gitari ya miaka ile imeunganishwa na gundi ya ngozi ya nyama, na gundi ile ikipata joto na maji inaachia. Fundi alituambia bila kuchuja maneno: ku ukuta ule itaishi misimu miwili.

Mama mwenyewe alisikiliza wote. Nyuma akasema: «Sikukuja kuuzisha wimbo. Nilikuja kuuliza bei ya ubao.»

Tulinyamaza wote. Wasingya, mama.

Basi msimamo wetu ni huu, na tunauandika ili familia nyingine za Beni, Butembo, Mangina na mahali pengine ziusome, kwa sababu gitari hii haiko peke yake. Mu nyumba za wazee kuko vitu. Ubao ni wa mama. Akitaka kuuza, auze, na minervali ilipwe, asione haya mbele ya mtu yeyote. Lakini asiuze kwa mtu mwenye amesoma namba mule ndani na akaificha. Yule kijana alichungulia na taa, alijua. Mu kazi yetu tunasema: mwenye mizani asiwe peke yake mwenye kusoma mizani. Sendika iliweza kufanya kazi moja tu ya maana hapa, na imeifanya: kupiga picha za muhuri, za namba, za ufa, na kuzituma kwa wauzaji watatu wa nje wenye kazi yao ni gitari za zamani, kuuliza bei kwa maandishi. Wawili wamejibu. Hatutaje bei zao hapa, ni siri ya mama. Tunasema tu kwamba hata ile ndogo inazidi dola 80 mara nyingi.

Na majina ni yetu. Hapo njo sendika iko na deni, na hakuna mnunuzi mwenye anaweza kutulipia. Mjukuu mkubwa wa mzee, kijana wa miaka 16, anajua wimbo, si wote, majina 20 na kidogo. Tumeanza kuyaandika mu daftari, na tumeyanasa ku simu mbili, kwa sababu simu moja inaibiwa. Wenye walichimba na mzee mu miaka ile, mtafuteni kijana au mje ku biro, mumkumbushe yale yenye yamepotea. Jina, baba, shimo. Hatuombe zaidi.

Kwa wenye wako na gitari ya zamani mu nyumba, tuongeze maneno ya fundi, hayana gharama. Legezeni nyuzi kama haipigwi. Ondoeni waya ya freni: ina nguvu ya kupinda shingo ya gitari ndogo na kung'oa kibao, njo ilifanya vile ku ya mama. Isikae juu ya jiko wala ku ukuta wenye unatoa maji. Na msipake verni mpya, hata kama jirani seremala anawapa bure. Mnunuzi wa vitu vya zamani anataka verni ya kwanza, na mikwaruzo yake. Gitari inayong'aa sana inapoteza bei kubwa, kama kuchanganya dhahabu na shaba ili iwe nzito.

Neno moja la mwisho juu ya akaju, tena tunalisema na hasira kidogo. Mti wa gitari ya mama ulitoka Amerika ya kati, na misitu ile ilikatwa mpaka dunia ikashtuka: tangu 2003 mbao za akaju ile hazivuke mpaka bila karatasi za CITES. Khaya, akaju ya Afrika, nayo imewekwa chini ya ulinzi ule tangu mwezi wa pili 2023. Viwanda vya gitari vimegeukia huku, kwa khaya na kwa sapeli. Na ile libuyu, yenye inakatwa ku Mambasa na mu misitu ya Beni, ni ya ukoo ule ule. Kila siku tunaona malori yake yanateremka Kasindi, mbao bichi, kuelekea Uganda na Kenya. Inaondoka namna dhahabu inaondokaka: bila kazi yetu juu yake, bila jina letu ndani. Ku Yaoundé, Taylor, kampuni ya gitari ya Marekani, tangu 2011 iko na kiwanda pamoja na washirika wake, na mpingo wa Kameruni unachongwa pale pale kabla ya kusafiri. Ku Kinshasa, fundi Socklo ametengeneza gitari miaka na miaka na mbao za nchi. Butembo iko na maseremala wenye wanachonga milango ya kanisa kwa patasi moja, na vijana wenye wanafanya chukudu ya kubeba magunia ya viazi. Mtu asituambie mikono inakosekana.

Mpaka tunaandika, gitari iko kwa mama, juu ya kabati, mbali na jiko, nyuzi zimelegezwa. Jumapili tulikuwa kule. Mjukuu aliomba kuikaza kidogo, nyuzi tano tu, ya sita haiko. Alipiga polepole, gumba na shahada, akafika ku jina la 14 akasimama. Mama, mwenye alikuwa anachambua maharagi ku mlango, akamtajia la 15 bila kuinua kichwa.

Yule kijana mnunuzi alipiga simu tena juma lililopita. Amepanda mpaka dola 150. Mama alimwambia aje, lakini aje na taa na kioo, na asome namba kwa sauti mbele ya watoto.